Ndege ya povu ya pambano: chagua mwenyewe itakapokatikia

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mitaa yetu inayoitwa kwa namba. Mchana nashona sare za shule na madera. Jioni, wateja wakipungua, meza hiyohiyo nakatia povu la ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Aliyeniingiza ni mtoto wa kaka yangu. Alikuja na mota ndogo ya umeme kwenye mfuko wa shati, akaniamkia, akasema, "Shangazi, wewe unakata kola pande zote zikalingana. Nikatie bawa." Nikamkatia. Tangu siku hiyo sijaacha.

Haya ninayoandika ni kwa mtu anayetaka kuja kwenye pambano la kirafiki na ndege aliyoitengeneza mwenyewe. Pambano letu liko hivi: kila ndege inaburuta utepe wa karatasi, na kila rubani anatafuta kuukata utepe wa mwenzake kwa bawa au kwa propela huku wake ukibaki mzima. Aliyewahi kupiganisha vishada utotoni ataelewa haraka. Ndege zitagongana. Hilo lijue kabla hujashika kisu, maana ndilo linaloamua kila kipimo.

Mimi nililijua baada ya hasara. Ndege yangu ya kwanza ya pambano niliigandisha yote kwa araldaiti, ncha hadi ncha, ikawa ngumu kama ubao wa kufulia. Dakika ya pili hewani ikagongana na ya kijana mmoja wa Makorora. Yake ilidondosha kipande cha ncha ya bawa, basi. Yangu ilipasuka katikati, ikang'oa sevo (kimota cha kusogezea usukani wa bawa), ikakata nyaya za mota, betri ikaenda kujichimbia mchangani. Kijana akabandika ncha yake kwa selotepu, akarudi raundi iliyofuata. Mimi nikabaki chini ya mkungu naokota vipande.

Usiku ule nilikuwa nafumua suruali ya mteja, na hapo ndipo nilipoelewa. Fundi yeyote anajua uzi lazima uwe dhaifu kuliko kitambaa. Mtu akichuchumaa na suruali ikambana, ufumuke mshono. Mshono nitaurudia kwa dakika kumi. Kikichanika kitambaa, nguo imekwisha. Ndege ya pambano nayo iwe na mshono wake dhaifu, uliouweka wewe, mbali na vitu vya thamani. Sehemu kubwa ya maelezo yangu inazunguka hapo.

Povu

Povu ninalosema ni lile jeupe gumu linalofungia televisheni na friji, lenye punje punje. Maboksi ya povu ya kubebea pweza na samaki wa barafu yanafaa zaidi, kwa sababu ukuta wake umeshikamana vizuri na hauna matundu. Harufu inatoka kwa maji, sabuni na ndimu, ukianika siku mbili kivulini. Bonyeza kwa kidole gumba: likibonyea na kurudi, chukua, likimeguka punje, acha. Lipo pia povu jeusi au jeupe linalopindika bila kuvunjika, EPP, zuri mno kwa mapambano, lakini huku kwetu ni la kuagiza, na mimi napenda kitu ambacho kikiharibika Jumamosi jioni nitakipata Jumapili asubuhi.

Kulikata, tengeneza upinde wa fito mbili na ubao wa katikati, uvute kati yake waya wa chuma cha pua, ule ambao wavuvi wanafungia ndoana za nguru. Wangu una unene wa milimita 0.4 na urefu wa sentimita 50. Nikiuunganisha na betri ya pikipiki ya volti 12 unapata moto wa kutosha kukata povu kama siagi bila kuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu umezidi: fupisha muda au refusha waya. Moshi wake ni mbaya kwa kifua. Kata nje, upepo ukiupeleka moshi mbali nawe, na watoto wasisimame upande unakoelekea.

Ukuta wa boksi huwa mnene, kwa hiyo upasue kwa waya huohuo upate bapa la sentimita 2. Laza bapa juu ya meza, weka vijiti viwili vya unene wa sentimita 2 pembeni, uburuze waya juu ya vijiti. Usisukume. Waya uende kwa mwendo wake. Ukisukuma unajipinda katikati na bapa linatoka na tumbo.

Pateni

Sisi tunaruka na umbo moja, bawa tupu lisilo na mkia, kwa sababu mkia ndio kitu cha kwanza kuondoka kwenye mgongano. Pateni yangu nimeikata kwenye karatasi ya kaki, na yeyote anayetaka kushindana nasi anakuja kuichora. Vipimo vyake ni hivi. Upana wote kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 90. Katikati, kutoka pua hadi nyuma, sentimita 30. Kwenye ncha, sentimita 20. Bawa limelala nyuma: ukingo wa mbele wa ncha uko sentimita 20 nyuma ya pua. Chora nusu moja, geuza pateni, chora ya pili. Usichore nusu mbili kwa mkono. Hata mimi niliyekata kola maisha yangu yote sithubutu.

Ukingo wa mbele uviringishe kwa msasa. Ukingo wa nyuma upunguze taratibu kuanzia theluthi ya mwisho mpaka ufikie milimita 5. Kisha kata zile ndimi mbili za nyuma ambazo marubani huziita elevoni, upana sentimita 5, zianzie sentimita 10 kutoka katikati na ziishie sentimita 33. Hiyo 33 ikumbuke, nitaeleza.

Gundi hapa ni mtego. Supagluu, gundi ya viatu na petroli vinakula povu hili mpaka linabaki shimo. Tumia gundi nyeupe ya mbao ukiwa na usiku mzima wa kusubiri, araldaiti ya haraka kwa plaiwudi, na gundi ya moto ikiwa imepoa kidogo kwenye mdomo wa bunduki yake. Gundi yoyote usiyoijua ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Uti wa bawa ni ufito wa mwanzi uliochongwa upana wa milimita 6, urefu sentimita 66, unaolazwa kwenye mfereji sentimita 17 nyuma ya pua na kuzibwa kwa gundi nyeupe. Mwanzi mkavu, si mbichi. Pale unapopita katikati naongeza kitu ambacho Tanga hatukikosi: nyuzi za mkonge. Nalaza nyuzi ishirini hivi kwa ulalo, ishirini nyingine kwa ulalo wa pili, napaka gundi ya mbao juu, naziacha zigande. Zikikauka, huwezi kuchana katikati ya bawa kwa mikono miwili. Na mlingoti wa mkonge, ule mti unaoota katikati mmea ukizeeka, ukikauka ni mwepesi ajabu na unakatika kwa kisu. Kipande chake kinafanya ukuta mzuri wa sanduku la betri.

Mshono dhaifu

Sasa ile 33. Uti unaishia sentimita 33 kila upande. Bawa linaendelea mpaka 45. Hizo sentimita 12 za ncha usizigandishe. Zikate kabisa kwa waya wa moto, kisha uzirudishe kwa njiti mbili za mishikaki zenye urefu wa sentimita 8, nusu ndani ya bawa na nusu ndani ya ncha, bila gundi. Juu na chini pitisha ukanda mmoja tu wa selotepu pana.

Nimeshika ndege nyingi baada ya kugongana, nikizichunguza kama nguo iliyorudishwa dukani, na mara nyingi ncha ndiyo inayopigwa. Ikiwa imefungwa hivi, njiti zinachomoka, selotepu inachanika, ncha inaanguka peke yake. Ndimi za nyuma zimeishia kwenye 33, kwa hiyo bado unazo zote mbili, sevo zipo, mota ipo. Unazima mota unatua. Mapezi mawili ya kusimama, ya urefu wa sentimita 10, nayo yasimame upande wa ndani wa mshono, yakiwa yamebanwa kwa selotepu pekee.

Mota inakaa nyuma, ikisukuma, ili pua ndiyo ipokee kishindo. Nyuma ya bawa kata nafasi ya propela, weka kibao cha plaiwudi ya milimita 3, funga mota kwa skrubu, na kibao chenyewe kikabwe kwenye povu kwa mipira ya madola (raba bendi), minne ikitosha. Kwa kuwa mota inasukuma kwenda mbele, inakibana kibao dhidi ya povu. Mipira kazi yake ni kukizuia kisidondoke. Ikipigwa, mpira unavutika, kibao kinahama, unakirudisha kwa vidole.

Pua iwe laini. Naokota ndala zilizotupwa ufukoni, zilezile ambazo wavuvi wanachonga maboya ya nyavu, nakata soli kipande cha sentimita 4, nakiviringisha kwa msasa, nakibandika mbele. Kinalinda ndege, na kikimpiga mtu hakimchomi kama pua ya plaiwudi.

Umeme wake

Mota tunayotumia ni brashilesi (isiyo na brashi ndani) ya saizi 2212, KV 2200, yaani mizunguko 2200 kwa dakika kwa kila volti, na propela ya inchi 6 kwa 4. Spidi kontrola, kifaa kinachoongoza mwendo wa mota, ya ampia 30. Betri ya lipo (lithiamu polima) seli tatu, volti 11.1, ujazo wa miliampia-saa 1300. Sevo mbili za gramu 9. Rimoti yoyote ya gigahezi 2.4 inayoweza kuchanganya elevoni, yaani ndimi zilezile zipandishe ndege na kuilaza pembeni, itafaa. Wengi wetu tuna FlySky FS-i6. Ndege nzima na betri yake isipite gramu 650, na yangu ina 550. Hiyo ni sheria yetu, kwa sababu ndege nzito ikimgonga mwepesi hakuna mchezo tena, na ikimgonga mtu ni hatari.

Propela ina maandishi upande mmoja. Maandishi hayo yaangalie mbele inakokwenda ndege, hata mota ikiwa nyuma. Mota ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili kati ya zile tatu zinazotoka kwenye spidi kontrola.

Na propela uifunge mwisho kabisa, baada ya kurekebisha kila kitu mezani. Jioni moja niliacha betri imeunganishwa na rimoti ipo wazi, nikainuka kumpokea mteja. Pindo la kitenge changu likasukuma fimbo ya mota kwenye rimoti. Nilisikia mlio kama nyuki aliyekasirika, kisha kimya. Kitenge kilikuwa kimejisokota kwenye mhimili wa mota, kimekatika vipande vitatu vinavyolingana, kila kimoja kimekwanguliwa nyuzi pembeni. Nilikishika kitambaa kile nikaviangalia vidole vyangu, maana vidole ndivyo mtaji wangu. Tangu siku ile, betri haiungwi propela ikiwepo mpaka niko uwanjani, na rimoti nimeitegea swichi moja ya kufunga mota kabisa.

Sevo zichimbie vishimo ndani ya bawa zilale sawa na povu. Fimbo za kuvuta ndimi nazitengeneza kwa spoki za baiskeli, pembe za ndimi, zile zinazoshikia fimbo hizo, nazikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kisha washa uangalie ukiwa nyuma ya ndege: ukivuta fimbo ya rimoti kwako, ndimi zote mbili zipande, ukisukuma kulia, wa kulia upande na wa kushoto ushuke. Angalia mara mbili. Mkono usiozoea unaziweka kinyume, na ndege hiyo haimalizi sekunde tatu hewani. Kwa kuanzia, ndimi zipande na kushuka milimita 8 kwa kwenda juu na chini, na milimita 15 kwa kulala pembeni. Fimbo za rimoti zikiwa katikati, ndimi ziwe zimeinuka milimita 3 kuliko bawa; bawa lisilo na mkia linahitaji hivyo ili lisijipindue mbele.

Jambo lingine ambalo watu wanalipuuza: zima rimoti huku ndege imewashwa na imeshikwa imara. Mota lazima inyamaze. Isiponyamaza, rekebisha hilo kabla ya lingine lolote, kwa sababu ndege iliyopoteza mawasiliano mota ikiwa inazunguka inaweza kuvuka uwanja ikaenda kwa watu.

Mizani

Chora kwa chaki mstari chini ya bawa sentimita 13.5 kutoka pua, kulia na kushoto. Weka kila kitu mahali pake, betri ikiwemo, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye mistari hiyo. Ikae sawa au iiname pua kidogo. Ikiinama nyuma, sogeza betri mbele. Mota ikiwa nyuma, betri inakwenda karibu kabisa na pua, kwa hiyo usichonge shimo la betri mpaka umepima. Ukishaizoea, unaweza kurudisha mizani mpaka 14.5 na ndege itageuka kwa kasi zaidi. Kupita hapo sijamwona aliyeimudu.

Selotepu ya kufunikia bawa iwe ya rangi, na juu isifanane na chini. Ndege ikiwa mita 80, ikigeuka dhidi ya mwanga, unaona kivuli tu, na kivuli hakisemi kama kinakuja au kinakwenda. Mimi chini naweka nyeupe, juu naweka mistari ya njano na nyeusi kama nyuki. Wazee wa hapa bado wanasimulia nyuki wa Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha askari wao kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani, nyuki wakashambulia katikati ya mapigano. Niliona rangi hiyo inatufaa. Na kwa kweli, kabla ya kurusha, uliza kama kuna mizinga karibu na uwanja. Mlio wa propela juu ya mzinga si jambo la kujaribu.

Siku ya kujaribu

Usiende kwenye pambano na ndege ambayo haijawahi kuruka. Nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, kabla upepo wa bahari haujaamka. Majira mazuri kwetu ni tangambili, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijaingia; mwezi wa Julai kusi inavuma mpaka povu linarudi nyuma.

Uwanja uwe mbali na kiwanja cha ndege, nyumba, nyaya za umeme na barabara. Kuna wenzetu wanaopenda mashamba ya mkonge yaliyong'olewa njia ya Pongwe. Ni pazuri ila miiba ya mkonge uliobaki inatoboa povu. Mimi napenda mchanga wa ufukoni siku za bamvua: maji yanatoka tangu asubuhi, kwenye saa nne yamefika mbali, unabaki na uwanja mpana na laini. Popote utakapochagua, uliza kwanza serikali ya mtaa, na suala la kibali lipelekeni mapema kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sisi tulikwenda kama kikundi, tukiwa na orodha ya ndege na uzito wake.

Mrushaji ashike bawa kwa pua, chini, mkono ukiwa mbele kabisa ya propela. Airushe kuelekea upepo, sawa na usawa wa bega, kwa nguvu. Rubani awashe mota baada ya ndege kuachwa, si kabla. Ikizama pua, ongeza ndimi juu milimita moja. Ikinyanyuka, ikasimama, ikadondoka, peleka betri mbele. Fanya hivyo mara nyingi kadiri inavyotaka. Kwangu ndege mpya hula asubuhi nzima.

Utepe

Utepe wetu ni karatasi ya krepu ya mapambo, upana sentimita 2.5, urefu mita 6. Plastiki haturuhusu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mwenye kuishi kando ya bahari hahitaji sheria kujua kipande cha plastiki cha mita 6 kitaishia wapi. Utepe unafungwa kwa uzi wa kushonea wa pamba, urefu mita 1, kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, sentimita 35 kutoka katikati ili usiingie kwenye propela yako mwenyewe unapogeuka. Uzi wa nailoni wa kuvulia usiuweke kamwe: ukimezwa na mota unajisokota kwenye mhimili na mota inaungua. Uzi wa pamba unakatika.

Utepe unavuta bawa upande mmoja. Ndiyo maana mazoezi mawili ya mwisho yafanye na utepe, urekebishe kwenye rimoti kabla ya siku yenyewe.

Raundi yetu ni dakika 4, kwa sababu betri ya 1300 kwa moto wa vita haifiki dakika 6 salama. Ndege tano kwa wakati mmoja, si zaidi. Kila mkato pointi moja, kumaliza na utepe wako mzima pointi moja. Marubani wanasimama kwenye mstari mmoja, watazamaji mita 30 nyuma yao, na ndege ikivuka mstari kuja upande wa watu, raundi hiyo imekufa kwako. Kila rubani avae helmeti ya bodaboda na awe na msaidizi pembeni anayemwambia kinachokuja nyuma yake, maana macho yako yatakuwa kwenye utepe mmoja tu. Ndege ikianguka uwanjani, iache ilale mpaka nyingine zote zimetua.

Betri

Chaji kwa ampia 1.3, kwa chaja yenye ile plagi ndogo ya kusawazisha seli. Ninachajia ndani ya chungu chenye mchanga, mlangoni, nikiwa macho. Iliyovimba kama andazi haichajiwi tena, hata ikionekana ina nguvu. Iliyojichimbia mchangani kwenye mgongano iweke peke yake juu ya mchanga wazi, nusu saa, uione kama inapata joto. Usiiache kwenye gari wala juani. Seli isishuke chini ya volti 3.5 baada ya kutua.

Mfuko wa ukarabati

Hiki ndicho kitu kinachoshinda mapambano kwetu. Matatu ya kwanza niliyoshinda, nilishinda kwa sababu nilikuwa bado naruka wakati wengine wamekaa.

Kata vipande 20 vya selotepu ya urefu wa sentimita 15 usiku uliotangulia, uvibandike kwenye karatasi ya nta iliyotoka nyuma ya vibandiko, vikae tayari. Njiti za mishikaki 30, zilizochongwa ncha zote mbili. Ncha za mabawa za akiba, jozi tatu, zimekatwa kwa pateni ileile na tayari zimetobolewa. Propela tano. Mipira ya madola. Araldaiti ya haraka. Sevo moja, na kisu chenye makali mapya.

Mgongano ukitokea na ncha ikiondoka, usianze kuitafuta. Toa iliyobaki kwenye njiti, chomeka mpya, bandika juu, geuza, bandika chini, pitisha kidole gumba kwa nguvu mpaka selotepu isiwe na pumzi. Povu likipasuka ndani ya mshono, choma njiti mbili kwa ulalo zikivukana kama uzi wa kulipizia, kisha selotepu. Tingisha kila ulimi kwa mkono usikie kama meno ya sevo yanakwaruza. Pima mizani tena kwa vidole. Ukishazoea, yote hayo hayazidi dakika sita, na kati ya raundi tunapeana kumi.

Jioni, ndege ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, si ya kisima cha chumvi. Hewa ya bahari yetu inakula bearingi za mota. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa mhimili, uzungushe kwa mkono. Betri zirudishe kwenye volti 3.8 kwa seli. Ncha zilizookotwa usizitupe, kunjua pateni juu yake uone ipi bado inalingana, uitoboe matundu ya njiti, uirudishe kwenye mfuko.